Nilikujibia Mlangoni

Kaneza, binti yangu wa mwisho na mwalimu wangu wa takwimu,

Nilitaka kuificha barua hii ndani ya begi lako, chini kabisa, uikute ukiwa umeshafika Cankuzo na huwezi kunirukia. Mama yako amekataa. Amesema nikupe mkononi leo hii, ukirudi kutoka Mutanga Sud kumuaga rafiki yako. Anasema mimi na karatasi za kuficha tuna historia mbaya. Historia hiyo utaielewa kabla hujafika mwisho, kwa hiyo vua viatu, kaa kitini, usisome umesimama kama mtu aliyekuja kukata umeme.

Sitakuambia ubebe sweta. Mama yako ameshakuambia mara nne, na kwa mdomo wake wa sasa mara nne ni kazi ya asubuhi nzima. Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala ujihadhari na madereva wa magari ya serikali. Mimi nataka kuzungumza habari ya mlango. Kwa miezi mitatu kazi yako itakuwa kupiga hodi kwa watu na kuwauliza kama wana kazi. Mimi nimewahi kusimama upande wa pili wa mlango huo. Nilidanganya mara mbili. Mara ya kwanza nilimdanganya muulizaji. Mara ya pili nilikudanganya wewe, na ndiyo sababu mkono wangu unaandika vibaya kuliko kawaida yake, ambayo nayo si nzuri.

Tuanze na Jumatano. Ulikaa hapa barazani na ile tableti mliyopewa kwenye mafunzo, ukasema unatafuta mtu wa kufanyia mazoezi. Nikakuambia nipo, sina kazi.

"Ngoja kwanza, baba, hilo ndilo tunalotaka kujua," ukasema, ukavaa uso wa serikali. "Katika siku saba zilizopita, umefanya kazi yoyote ya malipo au ya faida, hata kwa saa moja tu?"

"Saa moja?"

"Saa moja."

"Nilifungua redio ya mama Zubeda wa hapo jirani, ile ya betri nne. Nikapuliza vumbi, nikaunga waya."

"Alikulipa?"

"Alinipa ndagala, kisahani."

"Ilichukua muda gani?"

"Pamoja na maneno ya mama Zubeda, saa moja na nusu."

Ukabonyeza kioo. "Basi una kazi, baba."

Mwana wanje, mwanangu, sijawahi kupata kazi kwa urahisi namna hiyo. Tangu soko kuu liungue pale Rohero na kibanda changu cha ufundi kikiwa ndani yake, nimekuwa nikiamka kila siku nikijiita shomeri, mtu asiye na kazi. Watu wote wa mtaa huu wananijua kwa jina hilo. Kumbe samaki wadogo wa kujaa kiganja wameniokoa, na hakuna aliyeniambia. Nikakuuliza, na yule anayefanya kazi tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, asubuhi mpaka jioni, yeye anaitwaje? Ukasema naye ana kazi, mko kundi moja. Ukaongeza kwamba huko mbele kuna maswali ya masaa, na ya kama mtu angependa kufanya zaidi, lakini ile namba kubwa ya wasio na kazi inayosomwa redioni haingoji mtu afike huko.

Tukaja kwa mama yako. Alikuwa amesinzia, nikamjibia mimi. Hafanyi kazi. Hatafuti. Ukabonyeza. Nje ya nguvukazi.

Ndipo nikakunyang'anya tableti nikakuuliza wewe. Ulidhani nacheza, na kweli nilikuwa nacheza.

"Tuseme ni mwanzo wa mwaka, kabla hujaitwa kwenye mafunzo. We ulikuwa na kazi?"

"Apana."

"Hata saa moja? Kumwogesha mama yako, kumgeuza, kufua mashuka, kupika?"

"Hiyo haina malipo, baba. Inaandikwa kwingine."

"Ulitafuta kazi katika wiki nne?"

"Sikutafuta."

"Kwa nini?"

Hapo ukaacha uso wa serikali. Ukasema, "Nilichoka. Muda wote ule hakuna hata mutu moja aliyewahi kunijibu."

Nikatazama kioo kama najua kukisoma. Nikakurudishia, nikasema na wewe basi si shomeri, uko nje pamoja na mama yako. Kwa hiyo tukahesabu: nyumba ya watu watatu, inayokula mara moja kwa siku, na haina mtu asiye na kazi hata mmoja. Tulicheka mpaka mama yako akaamka. Halafu ukaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Baba, ungekuwa wewe, ungeiamini hiyo namba?"

Nikakujibu kwamba ningeiamini siku ambazo vituo vya mafuta vina mafuta. Hukucheka. Uliingia ndani kumpa mama yako uji. Mimi nilibaki barazani na yale maneno yako, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kunijibu, na hayajaniacha tangu Jumatano. Barua hii ndiyo jibu. La namba, na la maneno hayo pia.

Sasa sikia uongo wa kwanza. Ulikuwa bado sekondari, soko lilikuwa limeungua, na mimi nilikuwa nimeshaweka meza yangu hapa barazani na redio sita zilizokufa juu yake ili watu waone fundi. Akaja kijana mmoja na karatasi, wakati huo hawakuwa na tableti. Mpole, shati limechomekwa. Akasema nyumba yetu imechaguliwa.

Kuchaguliwa, Kaneza. Tangu nizaliwe nilikuwa sijachaguliwa na mtu. Nikamletea kiti, nikajikohoza. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia fundi redio, ninajitegemea, nina kibarua cha kutosha. Wiki ile sikuwa nimegusa hata skrubu. Lakini utamwambiaje kijana aliyechomeka shati kwamba zile redio sita ni maiti na wewe ndiye mlinzi wao?

Akauliza, "Na mama wa nyumba hii?"

Nikasema, "Huyo hafanyi kitu. Yuko nyumbani tu."

Unajua mama yako alikuwa anafanya nini miaka hiyo. Alikuwa anatoka kabla ya jua na beseni la sabuni kichwani mpaka Gatumba, anavuka mpaka, anauza Uvira, anarudi na mawese na vitenge. Daftari zako, kilo za maharage, hata chupa ya pombe niliyokuwa nakunywa nikilalamikia serikali, vyote vilivuka mpaka juu ya shingo ya Godeliva. Na nilisema hafanyi kitu bila hata kuona kwamba nadanganya, hilo ndilo linaloniumiza. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunasema sisi wanaume wa hapa. Ungeniamsha usiku ukaniuliza, ningesema hivyo hivyo. Kijana akaandika, akashukuru, akaenda.

Mama yako alikuwa nyuma ya pazia. Siku hiyo mpaka ulikuwa umefungwa mapema, alikuwa amerudi. Alipika, tukala, tukalala.

Kesho yake hakuamka. Nikadhani anaumwa. Nikamuuliza, akasema yuko mzima. Saa sita nikauliza tunakula nini. Akanijibu akiwa amekaa mkekani, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kutembea:

"Mi sifanyi kitu. Si ndiyo uliandikisha?"

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu wewe ulikwenda kula kwa shangazi yako, nadhani unakumbuka, ulidhani wamegombana watu wazima. Siku ya nne nikachukua beseni mwenyewe. Wanawake wa Gatumba waliponiona kwenye foleni walipigana viwiko. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Kongo, "Tazameni, Godeliva ameota ndevu." Nilisukumwa, nilikanyagwa, niliuza sabuni kwa hasara, nikanunua mawese kwenye dumu bila kuonja wala kuchunguza chini. Nyumbani dumu lilipofunguliwa, nusu yake ilikuwa maji.

Mama yako akachungulia ndani. "Umetoka saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

"Na umerudi jioni. Umepata nini?"

"Maji."

"Basi sasa unajua kutofanya kitu kunavyochosha."

Kesho yake akaamka, akaenda. Lakini mimi sikumtafuta yule kijana ili nimwambie afute. Nilisema ni nyumba moja tu, itaharibu nini. Wiki hii ndipo uliponieleza kwamba hawaulizi kila nyumba, kwamba kila nyumba iliyochaguliwa inasimama badala ya nyumba nyingi ambazo hazikuulizwa, na majibu yake yanazidishwa. Nilikuuliza yanazidishwa mara ngapi, ukasema inategemea. Ulikuwa unakata vitunguu, hukuniona uso. Nilikuwa nawaona wanawake wote wale wa foleni ya Gatumba wakifutwa mmoja mmoja, kwa sababu mimi niliona aibu mbele ya kijana mwenye shati safi. Na waume kama mimi, wenye redio zilizokufa, wakiongezeka kila mmoja na kibarua cha kutosha.

Huo ni uongo wa kwanza. Ninausimulia kwa mapana kwa sababu unachekesha, na kwa sababu ninauogopa wa pili.

Ulimaliza chuo. Mwaka mzima ulizunguka na bahasha za kaki kule Rohero, wizara hii, benki ile. Simu yako tuliiuza, kwa hiyo kwenye kila barua ya kuomba kazi uliandika namba yangu. Halafu mama yako akaanguka uani akiwa anaanika nguo. Kiharusi kikachukua upande wa kulia na mdomo wote. Ulisema utakaa nyumbani mpaka apate nafuu. Hukusema mpaka lini, na mimi sikuuliza. Nilikuwa naogopa utanitajia siku.

Siku moja ulikwenda kuchukua dawa kwenye kituo cha afya. Simu ikalia. Mwanamke, sauti ya ofisi. Akataja ofisi, moja ya zile ulizopeleka bahasha. Akasema kuna mtihani wa kuajiri na jina lako limo. Akaniuliza, "Bado anatafuta kazi?"

Mama yako alikuwa pale pale, kwenye godoro lake nyuma ya pazia lile lile. Alikuwa amejichafua muda si mrefu na nilikuwa nakungoja wewe urudi umsafishe. Nakuandikia jambo hili kama lilivyokuwa. Nilikuwa nimekaa nje, nimeipa harufu mgongo, nakungoja. Na sauti ile ikaniuliza kama bado unatafuta kazi, nami nikaona mikono yangu miwili, nikaona miaka, nikaona mimi na godoro lile peke yetu.

Nikasema, "Apana, mama. Aliacha kutafuta. Anamwangalia mama yake."

Akasema ni vizuri, Mungu akubariki. Akanipa namba, kama utabadili mawazo upige kabla ya Ijumaa. Niliiandika nyuma ya karatasi ya dawa, kwa adabu, jinsi mtu anavyopokea maji ambayo hatakunywa. Halafu nikachukua redio moja, ile ya rangi ya maziwa ambayo unaniuliza kila mwaka kwa nini siitupi, nikafungua mgongo wake, nikaiweka karatasi ndani, nikafunga skrubu nne. Nilijiambia nitakuambia jioni. Jioni ulirudi umelowa mvua, ukamsafisha mama yako ukimwimbia. Nilijiambia kesho. Ijumaa ilipopita nilijisikia kama mtu aliyeponea chupuchupu. Nilikula vizuri siku hiyo.

Karatasi hiyo nimeiweka ndani ya bahasha hii. Skrubu moja ilikuwa imeshika kutu, na redio yenyewe hatimaye nimeitupa.

Kwa hiyo, mwanangu, si kweli kwamba hakuna aliyekujibu. Kuna aliyejibu. Ukakata tamaa kwa sababu yangu. Nilimwambia yule mama wa simu kwamba umeacha kutafuta, wakati huo ulikuwa uongo. Miezi michache baadaye ukaacha kweli, na ukawa kweli. Nilikuandikia hali, ukaingia ndani yake.

Nimewaza sana mitego ya samaki ninayoikumbuka kule mtoni Rusizi, ile mirefu ya kusukwa, mdomo mpana na shingo nyembamba. Samaki aliyeingia anaona maji kila upande. Anaogelea, anakula, hajafa, ukimtazama kwa juu ungesema yuko mtoni tu kama wenzake. Sisi watatu tumekuwa humo. Mama yako hakuweza kuondoka kwa sababu ya mguu. Wewe hukuweza kwa sababu ya mama yako. Mimi sikuweza kwa sababu ya ile karatasi, maana kila nikikutazama nilikuwa naiona, na kila nikifikiria kukuambia niliona miezi ambayo tayari nimenyamaza, na miezi hiyo ikawa sababu ya kunyamaza zaidi. Na muulizaji angepita hapa barazani angetuandika sawasawa kabisa, bila kosa. Mmoja ana kazi, wawili hawatafuti. Angepita.

Usidhani mama yako hakujua. Alisikia kila neno. Hakuwa na mdomo wa kusema, hiyo tu. Unakumbuka sauti yake ilivyorudi, ulivyopiga magoti ukalia? Ulidhani neno lake la kwanza lilikuwa "maji". Apana. Neno la kwanza alilisema siku mbili kabla, wewe ukiwa kwenye bomba na ndoo. Alinitazama, akasukuma kila herufi kama mtu anayesukuma gari bovu:

"Mwambie mutoto."

Nikafanya utani. Nikamuuliza nimwambie nani, mtoto yupi, tuna watoto wanne na watatu wako mbali. Akasema tena. Nikasema, "Unasema nini, Godeliva, sikusikii vizuri." Nilimfanyia utani mwanamke aliyehangaika mwaka mzima kutafuta maneno mawili. Kati ya mambo yote, hilo ndilo ambalo sitaki mtu anisamehe haraka.

Halafu lilikuja tangazo. Ulikuwa uani unafua, mimi nilikuwa najaribu redio ya mama Zubeda. Msomaji akasema wanatafutwa vijana wenye diploma, watakaokwenda mikoani kuuliza watu habari za kazi. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe cha sauti, Kaneza. Ningeweza kuizima na usingejua. Mama yako alikuwa ananitazama kutoka kwenye godoro. Niliongeza sauti. Niliongeza mpaka spika ikakoroma, mpaka ukaja mbio na povu mikononi ukiuliza kuna nini, nani amekufa. Hilo ndilo jema pekee nililofanya, nalo lilikuwa kuzungusha kitufe, na nililifanya nikiwa natazamwa.

Jana nimekuona ukitoa nguo kwenye begi, ukizikunja upya, ukirudisha rafuni. Ulidhani nasinzia. Na Jumapili ulimwambia shangazi yako pengine utawaomba wampe mtu mwingine nafasi, maana baba hataweza peke yake. Nikatambua kwamba unataka kubaki kwa kunihurumia. Huruma yako imejengwa juu ya habari ambazo nimezichagua mimi. Ukikaa, kaa ukijua. Ukienda, nenda ukijua. Kama ni hasira, zimeiva, zichukue, lakini zibebe mpaka Cankuzo ukazikasirikie huko, kuna nafasi. Wiki hii mimi ndiye niliyemwogesha mama yako, umeona. Anasema namwogesha kama mtu anayeosha baiskeli. Lakini hajaanguka, na jana aliniruhusu kumchana nywele.

Sasa swali lako. Je, niiamini namba?

Mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo nakujibu kwa redio. Redio haidanganyi. Inakamata wimbi ililowekewa, na inalikamata vizuri. Sauti nyingine zote ziko hewani wakati huo huo, watu wanaimba, wanaomba, wanatukanana, na yenyewe kimya. Namba yako imewekwa kwenye wimbi moja: mtu ambaye hakufanya hata saa moja ya malipo, na ametafuta, na yuko tayari kuanza. Wanaotoka kwenye wimbi hilo ni wengi. Huyu ametolewa na ndagala. Yule ametolewa na uchovu wa kutafuta. Mwingine analima shamba la kula mwenyewe, na umeniambia kanuni yake imebadilishwa, zamani alihesabiwa ana kazi na sasa pengine hahesabiwi, namba inapanda au inashuka na yeye bado ameshika jembe lile lile. Kwa hiyo mtu akikusomea namba moja peke yake kwa sauti kubwa, muulize ni wimbi gani, na lile la mwaka jana lilikuwa wimbi hilo hilo, na waliobaki hewani ni wangapi. Umesema zote zinaandikwa, ziko kurasa za nyuma. Anzia nyuma, kama ninavyoanzia mimi na redio.

Lakini waliopanga maswali siwalaumu sana. Walihitaji kukata mahali, wakakata. Wamekata sawa na nchi nyingine ili waweze kujilinganisha. Ninayemjua kwa ubaya ni yule mzee wa mlangoni. Atakuletea kiti. Atajikohoza. Atakuwa mcheshi, utampenda, utataka kumaliza haraka kwa sababu ni jua na bado nyumba tano. Utamuuliza mama wa nyumba hii anafanya nini, na atakwambia hafanyi kitu. Utamuuliza habari za binti yake, na atakwambia yule hatafuti. Usiandike hapo hapo. Muulize, mwenyewe yuko wapi? Kama yuko nyuma ya pazia, mwite. Kama yuko kwenye foleni ya mpakani, rudi jioni. Kama mdomo wake ni mzito, ngoja. Najua kanuni zinaruhusu mtu kumjibia mwenzake asipokuwepo. Ndilo tundu nililopitia mimi.

Leo, ulipotoka tu, nilichukua ile karatasi yako ya mazoezi, yenye maswali yale yale ya tableti, nikaenda kukaa kando ya godoro. Nikamwambia mama yako, ya Jumatano hayahesabiki, ulikuwa umelala. Nikamuuliza mwenyewe. Ilichukua muda mrefu, jua lilihama kutoka mlangoni mpaka ukutani.

"Katika siku saba umefanya kazi ya malipo?"

"Apana."

"Katika wiki nne umetafuta kazi?"

"Ndiyo."

Nikadhani hakuelewa. Nikamrudia. Akanikazia macho. "Ndiyo. Natafuta biashara yangu irudi. Mawese."

"Utavukaje mpaka na mguu huo, Godeliva?"

"Natafuta mutu wa kunibebea."

"Umempata?"

Akaninyooshea ule mkono unaosikia, ule wa kushoto, akanigusa hapa kifuani kwa kidole. "Huyu. Lakini hajui kuonja dumu. Nitamufundisha."

Kwa hiyo waambie wenzako wakija mtaa huu wasihangaike. Hapa pana mama mfanyabiashara na msaidizi wake mzee. Jumanne natumwa Gatumba, na mama Zubeda amekubali kukaa naye mpaka nirudi, kwa malipo ya redio zake zote kutengenezwa maisha. Wanawake wa foleni wanipokee wanavyotaka.

Limebaki swali moja kwenye karatasi yako, lile la mwisho: ungepata kazi, uko tayari kuanza mara moja? Gari la timu linakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi, kama limepata mafuta. Litapiga honi hapa mlangoni, na dereva ataniona mimi kwanza, maana nimezoea kukaa pale. Akiniuliza kama Kaneza anakwenda, nitamwambia yumo ndani, amuulize mwenyewe.

Baba yako,
fundi wa redio sita, sasa tano